Mashauriano ya Ndani Kabla ya Makubaliano ya Ziwa

Wakazi wa mwambao wetu, kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac, wana haki ya kuuliza kwa nini makubaliano yaliyotiwa saini hadharani hushindwa kutekelezwa mwaloni. Jibu letu ni kwamba kila upande uliosaini una watu wengi ndani yake, nao hawakubaliani.

Mfano ulio karibu ni kufungwa kwa uvuvi. Mkataba wa Ziwa Tanganyika ulitiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, ukazaa Mamlaka ya Ziwa yenye makao Bujumbura. Baadaye nchi hizo zilikubaliana kupumzisha ziwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndagala na mukeke wapate kuzaana. Mezani pana pande nne. Huku ufukoni wamo wasimamizi wa komini, polisi, wanajeshi wa majini, wavuvi na wachuuzi.

Tutazame wavuvi peke yao. Mwenye mtumbwi ana nyavu, taa na injini. Miezi hiyo mitatu huitumia kukarabati. Vijana wanaovua usiku hulipwa kwa fungu la samaki baada ya gharama za mafuta kutolewa, na pasipo samaki hapana fungu. Akina mama wanaonunua ndagala alfajiri na kuwaanika wana madeni yasiyosubiri Agosti. Anayetumwa mkutanoni kwa kawaida ni mwenye mtumbwi. Akisema "tumekubali", ni nani aliyekubali? Atakayeingia ziwani kwa siri ni yule ambaye hakuulizwa.

Wataalamu wawili wa Marekani, Richard Walton na Robert McKersie, walilieleza jambo hili mwaka 1965 walipochunguza majadiliano ya wafanyakazi na waajiri: mjumbe hujadiliana na upande wa pili, kisha hujadiliana na waliomtuma. Kwa maoni yetu, kazi hiyo ya pili ndiyo nzito.

Nasi polisi tumo. Kamanda huahidi kwamba nyavu haramu zitakamatwa. Askari wa zamu huuliza ni kwa chombo gani, kwa mafuta ya nani, na atamtazamaje jirani aliyempangisha nyumba. Maswali hayo yakijibiwa kituoni kabla ya mkutano, ahadi huwa ya kikosi kizima.

Kwa hiyo twaomba rasimu ifike kwa kila kundi siku kadhaa kabla ya saini (wapo watakaoita huko kuchelewesha, doria za usiku zina gharama kubwa zaidi). Mjumbe aruhusiwe kusema, "Hili wenzangu wamelikataa," bila kuitwa mpinzani, na neno lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Wachuuzi wa ndagala, ambao mara nyingi hawana mjumbe kabisa, wachague wao mapema. Swali la vijana wa mitumbwi kuhusu chakula cha miezi mitatu likiletwa mwezi Machi, bado pana muda wa kulishughulikia kabla ya tarehe 15 Mei.