Je, Wajua? Seli za Kina cha Ubongo wa Panya

Je, wajua ya kuwa katika gamba la ubongo wa panya, ambalo unene wake ni kiasi cha milimita moja tu, kila sharubu kubwa la uso wake limetengewa mahali mahsusi, jambo walilolibainisha Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos mwaka 1970? Lakini taabu ya kweli ya kutambua aina za seli imo katika tabaka za chini za gamba hilo, ya tano na ya sita, ambako seli za jinsi mbalimbali hukaa zimechanganyika, hata jicho, ijapokuwa limesaidiwa na hadubini, laweza kuhadaika. Kwa hiyo mtaalamu hutia rangi maalumu katika uti wa mgongo au shina la ubongo, nayo rangi ikapanda kinyumenyume kwa nyuzi za seli hadi asili yake, ikafichua kabila la kwanza: seli nene za tabaka ya tano, ambazo matawi yake hufika karibu na uso wa ubongo. Jirani zake nyembamba hazishushi nyuzi hadi uti wa mgongo au shina la ubongo. Hizo huzungumza na sehemu nyingine za gamba, hata za upande wa pili. Nyingi za tabaka ya sita huijibu thalamasi, kituo kile kinacholeta habari za sharubu kwenye gamba. Umbo peke yake, kwa rai yangu, ni shahidi dhaifu. Ndiyo sababu siku hizi hupimwa pia mipigo ya umeme ya seli na jeni zitendazo kazi ndani yake. Kwa njia hiyo ya jeni, mwaka 2018, wachunguzi wa Allen Institute, Seattle, walihesabu aina 133 za seli katika sehemu mbili tu za gamba hilo.