Printa Ilipozima Kompyuta



Jumanne moja, tarehe 9 Machi 2021, kampuni ya Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10. Halikuwa jambo la ajabu. Tangu mwaka 2003 kampuni hiyo ina desturi ya kutoa masasisho yake Jumanne ya pili ya kila mwezi. Kompyuta nyingi za majumbani zikalipokea, zikajizima, zikajiwasha, na wenyewe hawakuona tofauti yoyote.

Kisa kilianza pale mtu alipotaka kuchapisha. Alifungua barua yake, akabofya kitufe cha kuchapisha, akasubiri karatasi itoke. Karatasi haikutoka. Ghafla kioo kizima cha kompyuta kikageuka buluu, juu yake pana alama ya uso ulionuna, na chini yake maneno magumu: APC_INDEX_MISMATCH. Kompyuta ikazima, ikawaka upya. Akijaribu tena, mambo ni yale yale. Kilio hicho kilisikika hasa kwa watu waliokuwa na baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra.

Sasa wanangu, kosa lilikuwa la nani? La printa? Hapana. La barua? Hapana pia. Programu unayoandikia haizungumzi na printa moja kwa moja. Hupeleka ombi kwa mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayosimamia programu nyingine zote, na mfumo huo ndio unaoiita programu ndogo ya printa ifanye kazi. Sasisho la siku ile lilikuwa limegusa sehemu ya ndani kabisa ya Windows, sehemu inayochora kila unachokiona kwenye kioo na kila kinachochapishwa. Ilipokutana na programu za printa fulani, hazikuelewana. Na kosa likitokea ndani kiasi hicho, Windows husimamisha kila kitu papo hapo, lisije likaharibu na mafaili yako.

Dawa ya haraka ilikuwa kuliondoa lile sasisho kwa mkono. Inawezekanaje kuondoa kitu kilichokwisha kuingia? Fundi mwangalifu akibadilisha bawaba ya mlango, ile ya zamani haitupi. Huiweka stoo mpaka ahakikishe mlango unafunga vizuri. Windows nayo hufanya hivyo. Ndani ya diski kuna folda iitwayo WinSxS, na humo hutunzwa mafaili ya toleo lililotangulia. Ukiondoa sasisho, mafaili hayo hurudishwa kazini.

Kabla hujagusa chochote, mwambie mwenye kompyuta. Kisha nakili kazi zenu muhimu kwenye flashi. Baada ya hapo tafuta jina la mhalifu, maana kila sasisho lina namba yake inayoanza na herufi KB. Yule wa Machi 2021 aliitwa KB5000802. Katika Windows 10, fungua “Settings”, ingia kwenye sehemu ya masasisho, fungua historia yake, halafu bofya “Uninstall updates”. Itatokea orodha yenye majina, namba na tarehe. Tazama tarehe: je, tatizo lilianza baada ya siku hiyo? Kama ndiyo, chagua sasisho hilo moja tu, liondoe, kisha washa kompyuta upya. Wanaopenda kuandika amri walimaliza kazi kwa mstari mmoja: wusa /uninstall /kb:5000802.

Na kompyuta ikikataa kabisa kuwaka? Usikate tamaa. Windows ikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, hufungua yenyewe ukurasa wa matengenezo, na humo pia mna njia ya kuondoa sasisho la mwisho. Baadhi ya kompyuta zitakuomba kwanza ufunguo wa tarakimu 48 unaolinda diski, basi hakikisheni nyumbani panajulikana ulikohifadhiwa.

Lakini sikilizeni sana hapa. Msije mkadhani masasisho ni maadui, mkaanza kuyafukuza yote. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu moja hatari ndani ya Windows. Wengi walilipuuza. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, programu haribifu iitwayo WannaCry ikapita katika tundu hilohilo. Ilifunga mafaili ya watu, ikadai dola 300 ili iyafungue. Ilienea katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha matibabu, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kompyuta zilizokuwa zimepokea lile sasisho la Machi tundu lao lilikuwa limezibwa.

Mnaona basi? Sasisho la mwezi halibebi jambo moja. Lile KB5000802 lililosumbua printa lilikuwa limebeba pia viraka vya usalama, na aliyeliondoa aliviondoa vyote pamoja. Printa yake ilichapisha, lakini matundu yakabaki wazi. Ndiyo maana kuondoa sasisho ni hatua ya muda tu. Unaweza kuiambia Windows isitishe masasisho kwa siku 7 ili lile baya lisirudi lenyewe, lakini usiache hali hiyo iendelee mwezi hadi mwezi.

Microsoft haikungoja Jumanne ya pili ya Aprili. Tarehe 15 Machi 2021, siku 6 tu baada ya kisa kuanza, ilitoa sasisho la dharura, KB5001567, la kumaliza ugomvi wa Windows na zile printa. Aliyekuwa ameliondoa la kwanza alitakiwa kuruhusu masasisho tena, apokee hilo la dharura, kisha achapishe ukurasa mmoja wa majaribio. Nanyi fanyeni hivyo: ondoeni lile moja lenye kosa, andikeni namba yake kwenye daftari, na msihesabu kazi imekwisha mpaka lililorekebishwa limeingia.