KWA NINI MOSHI HUTUJIA ALFAJIRI?

Sisi watu wa pwani, kutoka Mapinga hadi Bagamoyo na Saadani, mara nyingine tunaamka alfajiri na kusikia harufu ya moshi. Hakuna jirani aliyewasha jiko. Ikifika saa sita mchana, harufu imekwisha. Watu husema, "Ah, ni moshi wa porini tu huo." Lakini umefikaje kijijini? Na mchana umekwenda wapi?

UPEPO WA MCHANA NA WA USIKU

Mchana jua hupasha ardhi joto upesi kuliko bahari. Hewa ya nchi kavu hupata moto, huwa nyepesi, hupanda juu. Hewa ya baharini huja kushika nafasi yake. Huo ndio upepo wa bahari.

Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa upesi, bahari hubaki na joto. Basi upepo mdogo hutoka bara kwenda baharini. Wavuvi wanaujua sana. Alfajiri hutweka tanga na kutoka nao. Alasiri hurudi na upepo wa bahari.

Sasa fikiri tanuri la mkaa lililo porini, magharibi ya kijiji. Huwaka siku nyingi, usiku na mchana. Mchana moshi wake husukumwa bara. Usiku upepo huurudisha kijijini.

HEWA KAMA SUFURIA YENYE KIFUNIKO

Usiku ukiwa mtulivu, hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ile ya juu. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Huteremka na kutulia mahali pa chini, kama bondeni kwa mto Ruvu. Hewa ya joto iliyo juu yake huwa kama kifuniko cha sufuria. Moshi hukaa chini, nasi tunauvuta usingizini. Jua likipanda, kifuniko hufunuka.

Jambo hili si dogo. Desemba 1952, katika mji wa London, Uingereza, kifuniko cha namna hiyo kilikaa siku tano. Moshi wa makaa ya mawe haukuwa na pa kutokea. Watu wapatao 4,000 walikufa kwa muda mfupi.

Pwani yetu ni tambarare. Upepo wa bahari huingia bila kuzuiwa na milima. Hiyo ni bahati yetu, lakini ni bahati ya mchana.

MAJIRA YA MWAKA

Wazee wa Bagamoyo walizijua pepo vizuri. Majahazi yalikuja kutoka Arabuni kwa kaskazi, yakarudi kwa kusi.

Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Januari na Februari ni jua kali, vumbi la barabara, na moto wa kusafisha mashamba.

Masika huja Machi hadi Mei. Mvua huosha hewa. Lakini angalia! Mvua hiyo hiyo hutuingiza jikoni na kuni mbichi, mlango umefungwa. Nje hewa ni safi, ndani ni moshi mtupu.

Kusi huendelea mpaka Septemba. Juni hadi Agosti usiku ni wa baridi na mvua ni chache. Huo ndio wakati moshi wa alfajiri hukaa chini zaidi. Kisha nyasi hukauka na watu huchoma mapori, mpaka mvua za vuli zifike.

MOSHI UNADHURU NANI?

Moshi una chembe ndogo sana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Huleta kikohozi, pumu, na kwa watoto nimonia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Hao ndio wanaobebwa mgongoni mama anapopika.

TUFANYE NINI?

1. Tuweke matanuri mbali na nyumba, hasa upande ambao upepo wa usiku hutoka.
2. Tusichome takataka jioni wala usiku. Plastiki tusichome kabisa.
3. Shambani, tukate nyasi na kuzilaza zifunike udongo. Hazina moshi, na udongo hubaki na unyevu.
4. Tukaushe kuni kabla ya masika na kuziweka penye paa.
5. Jiko liwe na madirisha mawili yanayotazamana. Watoto wakae mbali na moshi.
6. Anayeweza kupata gesi au jiko banifu, asingoje. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati ili ifikapo 2034, Watanzania 80 kwa 100 wapike kwa nishati safi. Baba naye ahusike, maana jiko ni la nyumba nzima.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kijijini kwenu, upepo wa usiku hutoka upande gani?
2. Upande huo kuna tanuri au jalala? Mtaamua nini katika mkutano wa kijiji?