Furaha Iliyo Mlangoni

Watu wengi hudhani ya kuwa furaha ni kitu cha mbali, tena cha gharama. Mmoja asema, "Nikipata kazi mjini nitafurahi." Wa pili asema, "Nikimaliza kujenga nyumba ya bati." Wa tatu angojea mshahara uongezwe. Na wote watatu, jioni ikifika, huketi mbele ya chakula wasikitazame, wakala upesi, wakaondoka. Na kesho yake ukiwauliza walikula nini, hawakumbuki. Hivyo furaha iliyokuja mlangoni kwao, mara mbili au tatu kila siku, hupita bila kukaribishwa.

Mwezi huu twataka kunena juu ya furaha hiyo: chakula chema kilichopikwa vizuri na kuliwa pamoja kwa utulivu. Wala si jambo dogo, maana ndani yake mna afya ya watoto wetu na fedha ya mifuko yetu. Na ili tulione sawasawa, yafaa tuanze na habari ya kweli iliyotokea mbali sana, katika banda la kuku.

KUKU WA BATAVIA

Mwaka 1886 serikali ya Uholanzi ilipeleka waganga katika kisiwa cha Java, ambacho leo ni sehemu ya nchi ya Indonesia, wachunguze ugonjwa uitwao beriberi. Ugonjwa huo uliwaangusha askari na wafungwa kwa wingi: miguu ililegea, mwili ukavimba, moyo ukadhoofika, na wengi wakafa. Miongoni mwa waganga hao alikuwamo kijana, jina lake Christiaan Eijkman. Yeye alibaki huko Batavia, mji uitwao sasa Jakarta, akifuga kuku kwa ajili ya uchunguzi wake. Mara kuku wale wakaanza kuugua: wakapepesuka, wakaanguka, wasiweze kusimama. Eijkman akatafuta kijidudu cha maradhi, asikione. Kisha, kabla hajajua la kufanya, kuku wakapona wenyewe.

Ndipo alipouliza habari za chakula chao. Akaambiwa ya kuwa kwa muda kuku walikuwa wakilishwa wali uliotoka jikoni mwa hospitali ya askari, wali mweupe wa mchele uliokobolewa sana. Baadaye akaja mpishi mwingine, naye akakataa. Akasema haifai kuku wa raia kula wali wa jeshi. Basi wakarudishiwa mchele wa bei nafuu, wenye ngozi yake nyembamba. Kwa dharau ya mpishi, kuku wakapata uzima!

Eijkman akajaribu tena na tena. Alipowapa mchele mweupe, waliugua; alipowarudishia wishwa, walipona. Kisha mwenziwe, Adolphe Vorderman, akachunguza magereza zaidi ya 100, akaona ya kuwa beriberi ilikuwa nyingi palipoliwa mchele mweupe, na haba mno palipoliwa mchele wenye ngozi. Ilipita miaka mingi hata wataalamu wakafahamu hasa kilichomo ndani ya wishwa. Ni vitamini iitwayo thiamini, ambayo mwili huihitaji kidogo tu kila siku, lakini hauwezi kuishi bila kidogo hicho. Mwaka 1929 Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

USIACHE MBACHAO

Habari ya kuku hao yatuhusu sisi pia. Tuitazame punje ya hindi. Ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini, na wanga mweupe. Mashine ikikoboa, huondoa ganda na kiini, na pamoja navyo huenda mafuta, sehemu kubwa ya vitamini, na madini ya chuma. Kinachobaki ni weupe. Nasi twalipa fedha ya kukoboa, kisha pumba wapewa nguruwe na kuku. Je, katika nyumba hiyo, ni nani aliyekula vizuri zaidi?

Hatusemi ya kuwa sembe ni sumu, hasha. Mwenye kula sembe pamoja na maharage, mboga na samaki hana hofu kubwa. Walakini mwenye kula sembe na chumvi tu, siku baada ya siku, anajaza tumbo na kuuacha mwili na njaa. Ugali wa dona hushibisha kwa muda mrefu, tena una ladha yake mwenyewe ya mahindi. Anayeutafuna polepole kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi atashangaa jinsi ulivyo mtamu.

Mambo mawili lakini yapasa kuangaliwa. La kwanza, unga wa dona huharibika upesi kwa sababu ya mafuta ya kiini. Basi tusage kidogo kidogo. La pili, mahindi yakauke kabisa kabla ya kuwekwa ghalani, na punje zenye ukungu zitupwe mbali, zisipewe hata kuku. Ukungu huo huzaa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania watu waliugua kwa sumu hiyo, na baadhi yao wakafa. Chakula chema chataka jicho jema.

Kama tulivyoudharau unga wetu, ndivyo tulivyozidharau mboga zetu. Mchicha, kisamvu, matembele, majani ya kunde, mnavu na mlenda, zote hizi ni hazina, nazo zaota karibu na mlango. Lakini mgeni akija, mama huona haya kumwekea mlenda. Mtoto hutumwa mbio dukani kununua mkate mweupe na soda. Na ndani ya chupa moja ya soda ya mililita 350 aghalabu mna sukari ipatayo gramu 35, karibu vijiko 8 vya chai. Ni nani kati yetu ambaye angetia vijiko 8 katika kikombe kimoja cha mgeni, asione haya? Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

MTOTO ASIYECHEZA

Jambo hili hulipwa zaidi na wadogo. Mwaka 1929 mganga mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alikwenda kufanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana. Huko aliona watoto wadogo, waliokwisha kuachishwa ziwa, wenye miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, na ngozi iliyobambuka. Watoto hao walilishwa uji wa mahindi, na kitu kingine haba sana. Mwaka 1933 alieleza ugonjwa huo kwa maandishi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina alilolisikia kwa wenyeji wa kabila la Waga: kwashiorkor, yaani ugonjwa wa mtoto anayeondolewa mahali pake wakati mwingine azaliwapo. Kina mama walikwisha kuujua kabla ya waganga.

Tangu siku zile wataalamu wameendelea kuchunguza asili yake, nao wameona ya kuwa si upungufu wa kitu kimoja tu. Lakini alama moja kila mzazi aweza kuiona bila kipimo: mtoto haachi kulia, au huketi kimya, hachezi, hacheki, hataki kutazamwa. Mtoto aliyepungukiwa na chakula chema hupoteza kwanza furaha yake. Akionekana hivyo, na hasa miguu ikivimba, apelekwe zahanati siku ile ile.

Kinga yake yaanza nyumbani. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, kisha aanzishiwe chakula kingine huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 au zaidi. Uji wake usiwe maji meupe tu. Utiwe karanga zilizosagwa laini kabisa, au maziwa, au dagaa waliotwangwa wakawa unga. Apewe papai au embe lililopondwa, na yai linapopatikana. Tena alishwe mara nyingi, kidogo kidogo, maana tumbo lake ni dogo.

Na hapa twasema neno kwa kina baba, kwa heshima. Ziko nyumba ambazo baba hula minofu, wana wakubwa hula inayofuata, na mama mwenye mimba hukwangua chungu pamoja na mdogo wake. Yeye ndiye ahitajiye madini ya chuma kuliko wote, na mdogo ndiye anayekua kuliko wote. Baba atakayebadili desturi hiyo leo hana haja ya kununua kitu chochote. Atasogeza sahani tu.

VYAKULA VISAIDIANAVYO

Hekima ya mapishi yetu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Tazama makande. Mahindi yana upungufu wa sehemu moja ya kuujenga mwili, na maharage yana nyingine. Yakichanganywa chunguni, kila moja hujazilia penye pengo la mwenzake. Vivyo hivyo wali kwa maharage, na ugali kwa kunde.

Mboga za majani zikipikwa kwa karanga au tui la nazi, mafuta yale husaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo majanini. Kipande cha limau au ndimu kikikamuliwa juu yake, mwili hupata chuma kingi zaidi. Kinyume chake, chai iliyonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisipokewe. Basi ingojewe saa moja au mbili baada ya kula. Wala majani yasichemshwe hata yakafa rangi na maji yake yakamwagwa, maana utamu na faida humwagika pamoja.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale matunda na mboga zisizopungua gramu 400 kwa siku, na chumvi isizidi gramu 5, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Mwenye mchicha nyuma ya nyumba na mpapai mmoja uani hayuko mbali na shauri hilo.

KULA PAMOJA

Lakini chakula si dawa, wala tusikifanye dawa. Mtu hula ili afurahi pia. Je, kuna harufu gani ishindayo ile ya vitunguu vikikaangwa jioni, wakati watoto warudipo kisimani? Au embe la kwanza la msimu, lililokatwa vipande likagawiwa nyumba nzima? Au hindi bichi la kuchoma, mvua ikipiga bati? Haya yote ni ya bei nafuu, na mengine hayana bei kabisa. Lakini hayaonekani kwa mwenye haraka, wala kwa mwenye kula huku akitazama simu yake.

Chuo Kikuu cha Harvard, huko Marekani, kilianza mwaka 1938 kuyafuata maisha ya vijana, wapate kujua ni nini kimfanyacho mtu aishi na afya na furaha hata uzeeni. Walikuwa wanafunzi 268 wa chuo hicho, na pamoja nao vijana 456 wa mitaa ya kimaskini ya mji wa Boston. Wamefuatwa zaidi ya miaka 80, na sasa huulizwa watoto wao. Jibu lililoonekana si utajiri wala sifa. Waliozeeka vizuri ni wale waliokuwa na watu wa karibu: mke au mume apendaye, jamaa na rafiki wa kutegemea.

Nasi twauliza, ukaribu huo hujengwa wapi, kama si pale watu wanaponawa mikono katika maji mamoja na kuketi kulizunguka sinia moja? Hapo mtoto husimulia ya shuleni. Hapo mama hupumzika. Hapo mzee hueleza jinsi njaa ya zamani ilivyokuwa, na kijana hujifunza kutoharibu chakula. Nyumba isiyokula pamoja ni kama nyumba ya wapangaji. Kila mtu ana mlango wake.

Walimu nao wana nafasi yao. Bustani ndogo ya shule, yenye matuta machache ya mchicha na miche ya mipapai, hufundisha zaidi ya ubao mzima wa maandishi. Mtoto aliyepanda mboga kwa mkono wake hula bila kushurutishwa, tena humpelekea mama yake mbegu. Na mwalimu akionekana akila kisamvu kwa furaha mbele ya wanafunzi wake, hatahitaji kuhutubu.

Basi wasomaji wapenzi, kwa mwezi huu tujaribu mambo manne tu. Tusage dona japo debe moja la mahindi yaliyokauka vizuri. Tupande tuta moja la mboga karibu na mlango. Mama na mdogo wapakuliwe pamoja na wengine, si baada yao. Na kila siku, mlo mmoja uliwe na nyumba nzima, kwa utulivu, na aliyepika ashukuriwe kwa sauti. Haba na haba hujaza kibaba. Mwezi ukiisha, mwangalieni mtoto mdogo wa nyumba. Akiwa anacheza, na macho yake yang'aa, fahamuni ya kuwa tuta lile limelipa.