Kushirikishwa au Kushirikiana? Wavuvi na Umeme wa Upepo Baharini

Katika somo la tafsiri muhula huu tulipitia na wanafunzi wetu matini kuhusu mitambo ya kufua umeme kwa upepo inayojengwa baharini. Istilahi za kiufundi zilitusumbua kidogo, lakini neno lililozua mjadala mrefu kuliko yote lilikuwa la kawaida kabisa: kushirikisha. Matini ilisema kwamba wavuvi "washirikishwe" katika kupanga miradi hiyo. Wanafunzi wakauliza: washirikishwe na nani, lini, na katika jambo gani? Katika makala haya tunakusudia kulijibu swali hilo kwa mfano mmoja wa kweli, kisha tutarejea katika lugha yetu.

Kwa nini wavuvi?

Upepo wa baharini kwa kawaida huvuma kwa nguvu zaidi kuliko ule wa nchi kavu. Denmark ndiyo iliyotangulia, ilipojenga mitambo 11 huko Vindeby mwaka 1991. Mitambo hiyo iliondolewa mwaka 2017 baada ya kumaliza kazi yake, na kufikia wakati huo nchi nyingine kadhaa zilikuwa zimekwisha kuifuata njia hiyo.

Kwa mpangaji aliye ofisini, bahari katika ramani ni rangi ya buluu tupu. Kwa mvuvi, hapo pana miamba, vilindi, mapito ya samaki na njia za vyombo, na kila mahali pana msimu wake. Aidha, wavuvi wenyewe hawafanani. Mtegaji wa madema ya kambakoche anaweza kuendelea kutega karibu na nguzo za mitambo. Nahodha anayekokota wavu mzito nyuma ya chombo huhitaji nafasi kubwa ya kugeuza, naye huhofia wavu wake kunasa katika waya za umeme zilizolazwa chini ya bahari, au katika mawe yaliyowekwa kuzilinda. Mvuvi wa burudani, yeye, huenda akafurahi, kwa kuwa kome hujishika kwenye nguzo na samaki hukusanyika hapo. Kwa hiyo anayesema "tumewauliza wavuvi" hana budi kueleza ni wavuvi gani.

Mfano wa Rhode Island

Rhode Island ni jimbo dogo la pwani ya mashariki ya Marekani. Mwaka 2008 baraza la jimbo linalosimamia rasilimali za pwani, likisaidiwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Rhode Island, lilianza kuandaa mpango wa matumizi ya bahari, unaojulikana kwa kifupi kama Ocean SAMP. Jambo la kupendeza ni mpangilio wa kazi yenyewe: kabla ya kuamua mitambo isimame wapi, walitaka kwanza kujua nani anaitumia bahari, na wapi. Wavuvi waliombwa kuonyesha katika ramani mahali wanapovua. Maarifa yao yalichanganywa na uchunguzi wa wanasayansi. Sehemu za sakafu ya bahari zenye mawe yaliyoachwa na barafu ya kale, ambazo ni makazi muhimu ya samaki, zilitengwa kuwa maeneo ya kuangaliwa kwa uangalifu wa pekee.

Mpango huo ulipitishwa mwaka 2010, na kwa mujibu wake ikaundwa Bodi ya Ushauri ya Wavuvi. Mitambo mitano yenye uwezo wa jumla wa megawati 30 ilijengwa karibu na kisiwa cha Block Island, ikaanza kazi Desemba 2016. Ilikuwa ya kwanza ya kibiashara baharini nchini Marekani. Kisiwa kile, ambacho kilikuwa kikitegemea jenereta za dizeli, kiliunganishwa na umeme wa bara.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Miradi iliyofuata ilikuwa mikubwa zaidi, na ilikuwa mbali zaidi, katika maji yaliyo chini ya serikali kuu. Huko serikali ya jimbo hutoa maoni yake, lakini haimiliki eneo wala haikodishi. Mwaka 2019 makampuni yalipendekeza kuacha maili moja ya baharini kati ya mtambo na mtambo. Baadhi ya wavuvi walisema nafasi hiyo haitoshi, wakataka njia pana zaidi za kupita. Mwaka 2023, baada ya baraza la jimbo kuuridhia mradi wa Sunrise Wind, wajumbe wote wa Bodi ya Ushauri ya Wavuvi walijiuzulu kwa pamoja. Waliona kwamba ushauri wao unasikilizwa tu, haubadilishi uamuzi.

Somo kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili

Hapa sarufi yetu inaweza kutusaidia kuona tatizo. Kutokana na kitenzi shiriki tunapata shirikisha, kauli ya kutendesha; shirikishwa, ambamo mtendwa hupokea tu anachofanyiwa; na shirikiana, kauli ya kutendana, ambamo pande zote mbili ni watendaji. Vivyo hivyo, kumshauri mtu si sawa na kushauriana naye. Mwaka 2008 wavuvi wa Rhode Island waliitwa wakati ramani bado haijachorwa, na kile walichosema kilionekana ndani yake. Katika miradi ya baadaye waliletewa maeneo yaliyokwisha kukodishwa, wakaombwa maoni. Katika taarifa za serikali hali zote mbili zingeweza kuitwa "ushirikishwaji".

Sisi tulio mbali na bahari tusidhani jambo hili halituhusu. Wahitimu wetu wengi watafanya kazi ya ukalimani na tafsiri katika mikutano ya miradi, iwe ya maziwa, mito au ardhi. Wakikuta katika matini neno la kupewa taarifa, wasilitafsiri kama kushirikiana kwa sababu tu linapendeza. Aliyekaa mwisho wa ukumbi, mwenye wavu wa kulisha watoto wake, ana haki ya kujua kama ameitwa kuamua au ameitwa kuarifiwa.

Tunapendekeza zoezi dogo darasani. Wanafunzi wachukue tangazo lolote la mradi, wapigie mstari vitenzi vyote vinavyowahusu wananchi, kisha waeleze kauli ya kila kimoja na nani hasa ni mtenda. Tutafurahi kupokea matokeo yenu kwa ajili ya toleo lijalo. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Ni vema neno lipimwe kabla nguzo haijakitwa.