Mvua ya Mawe na Mahindi Yako

Ndugu mkulima, wewe ulimaye Kericho au Nandi wajua ya kuwa mvua ya mawe haingoji miezi ya joto. Hushuka hata Juni, Julai na Agosti, wakati wa baridi, tena mara nyingi baada ya adhuhuri.

Sababu yake yafaa uijue. Mchana jua huipasha nchi moto, na upepo utokao Ziwa Victoria huja umejaa mvuke, ukapanda milima hii na kukutana na upepo wa mashariki. Hapo wingu hupaa upesi, hata maji yaliyomo yakaganda. Mawe yakianza kuanguka huyeyuka kidogo kidogo njiani. Kisumu i chini, kadiri ya meta 1,130 juu ya bahari, basi mengi hufika huko yamekwisha kuwa maji. Kericho hupita meta 2,000, na safari ya mawe ni fupi. Katika miaka ya 1960 ndege zilirushwa huko kutia mawingu dawa ya madini ya fedha ili mawe yapungue. Lakini wewe tazama shamba lako.

Nilimkuta mtu mmoja ambaye mahindi yake, yaliyofika magotini, yalichanwa majani yakawa kama nyuzi za katani. Kesho yake alikuwa amekwisha ng'oa nusu ya shamba ili apande tena, na mbegu ni za kukopa. Nikaokota mche katika lile lundo, nikaupasua shina kwa kisu. Moyo wake ulikuwa mweupe, mgumu. Alikuwa aking'oa mahindi yaliyo hai! Nusu aliyoiacha ilichipua majani mapya. Ile aliyoipanda tena ilichelewa sana, na deni la mbegu likabaki.

Basi ngoja siku saba hata kumi, kisha pasua mashina machache hapa na pale. Moyo ukiwa mweupe, acha mche. Ukiwa umelainika na kuwa rangi ya udongo, umekufa. Ila mawe yakipiga wakati wa mbelewele, hasara ni kubwa, kwa maana mahindi hayatoi majani mengine ya kulisha punje.

Maharagwe usiyapalilie yakiwa yamelowa, kwani mikono na nguo huchukua ugonjwa na kuupeleka penye majeraha.

Nawe usikiapo ngurumo, acha jembe uingie nyumbani, wala usijikinge chini ya mti. Usirudi shambani mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho.