Baiskeli za kukodi mijini: punguzo la bei peke yake halitoshi

Baiskeli za kukodi huuza safari fupi kwa bei ndogo: mteja huchukua baiskeli kituo kimoja na kuirudisha kingine. Anayeihitaji zaidi ni asiye na gari, na nchini Marekani mara nyingi ndiye aliyefikiwa mwisho.

New York inaonyesha sababu. Citi Bike, huduma ya baiskeli za kukodi ya jiji hilo, ilianza Mei 2013 kwa baiskeli 6,000 na udhamini wa dola milioni 41 wa Citibank, bila ruzuku ya jiji. Biashara isiyo na ruzuku hufuata wateja wenye fedha, hivyo vituo vya kwanza viliwekwa kusini mwa Manhattan na sehemu za Brooklyn. Bronx, eneo maskini kuliko yote jijini, lilisubiri hadi 2020.

Kikwazo cha pili ni kadi ya benki. Kampuni huitaka ili imtambue mteja na kumtoza baiskeli ikipotea. Lakini mwaka 2023, kwa takwimu za FDIC, taasisi ya serikali inayolinda amana za benki, asilimia 4.2 ya kaya za Marekani hazikuwa na akaunti. Miongoni mwa kaya za Wamarekani weusi, kiwango kilikuwa asilimia 10.6. Hata mwenye kadi huogopa deni: kupoteza baiskeli kunaweza kumgharimu dola 1,000 na zaidi. Kwa anayelipwa kima cha chini cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, huo ni ujira wa zaidi ya wiki tatu.

Philadelphia ilipita njia nyingine. Vifaa vya Indego, huduma iliyoanza Aprili 2015, ni mali ya jiji. Wakfu wa JPB ulisaidia kugharamia vituo katika mitaa ya kipato cha chini tangu mwanzo, na asiye na kadi aliweza kulipa taslimu dukani. Mwaka 2016 wanaopokea misaada ya serikali walipewa pasi ya dola 5 kwa mwezi. New York nayo hutoza dola 5 kwa mwezi wakazi wa nyumba za umma, lakini punguzo hilo halina faida kwa mtaa usio na kituo.

Kwetu, Kigali ilipata baiskeli za Guraride mwaka 2021. Afrika Mashariki ina nafuu moja kubwa: tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mamilioni wamezoea kulipa kwa simu bila akaunti ya benki. Mahali pa kuweka vituo, hata hivyo, hapaamuliwi na simu. Jiji litakaloalika kampuni ya baiskeli liandike kwenye mkataba, kabla ya kutia saini, idadi ya vituo vya mitaa ya kipato cha chini, tarehe ya kuvifungua na kikomo cha deni la mteja. Jiji likishatoa kibali bila masharti hayo, litakuwa limepoteza nguvu ya kuyadai.